Vernon Eino Salo na Makofi ya Dukani kwa Annette

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa makaburini, haya ndiyo maisha ya baba yetu, Vernon Eino Salo. Yamo mambo mnayoyategemea: kuzaliwa, shule, kazi na ndoa. Limo pia jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe mbele yenu, ingawa halimjengei sifa. Kaka yangu Todd hakutaka lisomwe. Tumebishana juu yake majira yote ya baridi, wakati tukingoja ardhi ilainike tupate kumzika, na hata asubuhi ya leo ndani ya gari tulikuwa hatujapatana vizuri. Lakini agizo ni la marehemu, na aliyepewa kulisoma ni mimi, binti yake, Kirsten.

Vernon alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 mjini Cloquet, Minnesota, mtoto wa pili wa Eino na Lempi Salo. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi, na enzi hizo kiwanda kikipumua, mji mzima ulinuka. Wageni walikuwa wakipandisha vioo vya magari. Bibi Lempi, kabla ya kuanika nguo, alimtuma Vernon uani: "Nenda ukanuse." Mtoto alisimama kwenye theluji akiwa ameinua pua, kisha akarudi kutoa taarifa. Akisema upepo umegeukia kwao, shuka zilianikwa jikoni. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na alijivunia kwamba mama yake hakuwahi kufua shuka mara mbili kwa kosa lake.

Alisoma shule za Cloquet hadi mwaka 1966, akafanya kazi kiwandani kwa muda, kisha akaitwa jeshini. Wenzake wengi walipelekwa Vietnam. Yeye alipelekwa Ujerumani Magharibi, karibu na mto Mosel, na kila alipolitaja jambo hilo alishusha sauti. Siku moja ya Oktoba 1969 aliingia kwenye nyumba ya mkulima wa mizabibu kuomba maji. Mama mwenye nyumba akamwekea glasi mbili za mvinyo mweupe, akamwuliza kwa ishara za mikono kama zinafanana. Hazikufanana hata kidogo. Zabibu zilikuwa za aina moja na za mwaka mmoja, za pande mbili za kilima kimoja. Vernon alikaa pale akinusa hii na ile mpaka gari la jeshi likaondoka bila yeye. Aliadhibiwa kumenya viazi. Alisema hakuona ni adhabu, kwa kuwa alikuwa na jambo la kufikiria.

Aliporudi alisoma chuo kikuu hapa Duluth, akahitimu mwaka 1974, na tangu mwaka huo hadi 2009 alifundisha jiografia katika shule ya kati ya mjini hapa. Wengi mliopo leo mlikaa kwenye madawati yake. Mnakumbuka vile vikopo vya udongo alivyowapa mnuse mkiwa mmefumba macho, mseme upi umetoka ziwani na upi umetoka shambani. Mzazi mmoja alilalamika kwa mkuu wa shule. Vernon akamwalika darasani, akampa kikopo.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Marlys Engstrom, mama yetu. Mama alilelewa katika nyumba ya Kilutheri ambamo pombe haikupita mlangoni, na mpaka leo hajamaliza glasi moja. Hata hivyo aliruhusu meza yake itumike, kwa masharti yake: kahawa ya mwisho ataandaa yeye, na hakuna atakayeshika usukani mpaka mama mwenyewe amwangalie machoni na kuridhika.

Meza hiyo ilianza kutumika vuli ya mwaka 1981. Kila Alhamisi jioni walikutana Vernon, Gordon Peltier, tuliyemwita Gordy, aliyekuwa mfamasia, Bev Nordgaard wa maktaba, na wengine waliokuja na kuondoka. Walionja mvinyo wa Ulaya tu, na kamwe si chupa moja peke yake. Kila mmoja alileta yake ikiwa imevalishwa mfuko wa karatasi ili jina lisionekane. Marashi yalikatazwa. Samaki wa moshi alikatazwa, hata awe ametoka ziwani mchana huo. Na sheria iliyozidi zote ilikuwa hii: anayefungua chupa hunusa kwanza, na akinyamaza wote hunyamaza, maana neno lake ndilo linalosema kama mvinyo ni mzima.

Kwa miaka zaidi ya thelathini aliyefungua alikuwa Vernon. Hakuringa. Lakini mvinyo ukiwa na ugonjwa wa kizibo, ule unaoufanya unuke kadibodi iliyolowa, aliujua kabla glasi haijafika usoni. "Huyu mgonjwa," alikuwa akisema, na chupa ikaenda kwenye sinki bila kesi. Siku moja Gordy alileta chupa aliyoitunza tangu harusi yake. Vernon akainusa, akamtazama kwa huruma, akasema, "Gordy, ndugu yangu, kaa chini kwanza."

Vuli ya mwaka 2015 pua yake ilianza kufifia. Alidhani ni mafua. Kufikia Krismasi alikuwa hasikii harufu ya kahawa, wala ya moshi wa sauna, wala ya ngozi ya mama shingoni, na hili la mwisho ndilo lililomfanya amwambie mama. Hakumwambia mtu mwingine. Aliogopa jambo moja: kwamba wenzake wakijua, hatakuwa na sababu ya kukaa kwenye ile meza. Mama alimsihi aende kwa daktari. Alikataa. Basi mama akakubali kumsitiri, na hajajisamehe mpaka leo, ingawa sisi watoto hatuoni cha kusamehe.

Walifanya hivi. Vernon alifungulia chupa jikoni badala ya mezani, na mama akanusa. Mvinyo ukiwa mzima, mama hakusema kitu. Ukiwa mbovu, alingoja baba afike mezani, akaita kutoka jikoni, "Vern, umefunga gereji?" Naye alisema, "Huyu mgonjwa." Mezani alianza kuzungumza mwisho badala ya kwanza. "Bev, anza wewe," alisema, kisha akachukua maneno ya Bev na ya Gordy, akayaunganisha, akayarudisha yakiwa yamepangwa vizuri zaidi. Wengine walisema uzee umemfundisha unyenyekevu. Bev alitania, "Hiyo gereji yenu ina dhahabu?" Gordy hakucheka. Alianza kumwangalia.

Nafika sasa kwenye Jumamosi ya tarehe 19 Novemba 2016. Annette Kozlak, ambaye duka lake la mvinyo mnalijua nyote, aliandaa siku ya kuonja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kama kila mwaka, watu wapate kuchagua mvinyo wa kuendana na bata mzinga. Mwenye kumimina alikuwa Vernon, kama kila mwaka. Mama hakuwapo. Alikuwa kwangu St. Paul, kwa sababu nilikuwa nimejifungua. Vernon angeweza kusema anaumwa. Lakini Annette alikuwa ameshabandika jina lake dirishani, na watu walikuwa wameshajaa.

Mvinyo mkuu siku hiyo ulikuwa mwekundu wa Burgundy, huko Ufaransa. Aliyezoea kazi hii anajua kwamba hunusi chupa ya kwanza tu. Unanusa kila moja, hata kama zote zimetoka kwenye sanduku moja, kwani kizibo kimoja huharibika na cha jirani yake kikabaki kizima. Vernon alifungua, akapeleka glasi puani, akatikisa kichwa kukubali, akamimina. Akafungua nyingine, vivyo hivyo. Alisema baadaye kwamba kila alipotikisa kichwa alikuwa anasali.

Moja ya chupa hizo ilikuwa mbovu. Aliwamiminia watu waliozunguka meza, na watu wakanywa. Wengine walikunja uso kidogo, wakatazamana, wakanyamaza. Mwalimu alikuwa ameshatikisa kichwa. Kisha glasi ikamfikia Gordy.

"Vern," Gordy akasema kwa sauti ya chini, "hii umeinusa?"

"Nimeinusa."

"Hebu inuse tena, ndugu yangu."

Baba akainusa. "Ni udongo wa kwao tu. Hii ni Burgundy, Gordy, siyo juisi ya watoto."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyesimama nyuma akasema, "Samahani jamani, mimi nasikia kama boksi lililonyeshewa."

"Vern, twende pembeni kidogo," Gordy akasema.

"Pembeni kuna nini? Sema hapa hapa."

"Twende tu, mara moja."

"Kama una neno, lisemee hapa. Mimi sina siri."

Gordy alisimama akiwa na glasi mkononi. Wanaomjua wanajua kwamba akisukumwa hasukumiki. Alichukua glasi nyingine, akamimina kutoka chupa isiyo mbovu, akawageuzia watu mgongo, akazibadilisha nafasi, kisha akaziweka mbele ya baba. "Wewe ndiye uliyetufundisha hivi," akasema. "Moja kushoto, moja kulia. Niambie mgonjwa ni yupi."

Baba alinusa ya kushoto. Alinusa ya kulia. Akarudia. Alitusimulia kwamba ilikuwa kama kunusa kioo cha dirisha. Aliwaona wanafunzi wake wa zamani, wazazi wao, mchungaji. Akasema, "Ya kushoto."

Annette akaja, akanusa zote mbili. "Ya kushoto," akasema. "Kabisa."

Hapo baba angeweza kuishia. Badala yake akainua chupa juu. "Mnaona? Nilikuwa nawapima! Nimemimina makusudi nione nani ana pua. Watu wazima mmekunywa kimya kama mko ibadani! Na wewe, Gordy, mfamasia mzima, ndiyo umeshtuka sasa hivi?"

Duka lote likaangua kicheko, likapiga makofi. Mtu mmoja akampiga Gordy begani, "Pole mzee, leo mwalimu kakuchapa." Gordy akavaa kofia yake. "Samahani, Vern," akasema. "Nimekosea." Akatoka nje kwenye theluji.

Baadhi yenu mlikuwapo. Mlipiga makofi kwa nia njema.

Alhamisi zilizofuata Gordy hakuja. Kiti chake kilibaki wazi, na hakuna aliyethubutu kukisogeza. "Mpigie simu," Bev alimwambia baba. "Atakuja mwenyewe," baba akajibu. "Vern, mtu hawezi kuja miaka yote hiyo bila kukosa, halafu akaacha tu. Mpigie." Hakumpigia. Kisa kile Bev alikuja kumsimulia mama kama kichekesho, mama alipotoka kwangu Desemba. Mama hakucheka. Alingoja Bev aondoke.

"Ulijuaje kwamba ni ya kushoto?"

"Nilijua tu."

"Vern. Mwaka mzima pua yako ni mimi. Ulijuaje?"

Baba akautoa mkono wa kulia mfukoni. Ulikuwa unatetemeka, na mama hakuwahi kuuona ukifanya hivyo. "Niliogopa kunyanyua glasi kwa huu," akasema. "Nikachagua iliyokuwa karibu na ule mwingine."

Tarehe 26 Januari 2017 daktari alimwambia kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Alimweleza pia kwamba harufu mara nyingi hutangulia kupotea, hata miaka kabla mkono haujaanza kucheza. Mama aliuliza kama mfamasia angeweza kulijua jambo hilo. Daktari akasema bila shaka angelijua.

Tarehe 4 Februari mama alimpeleka kwa Gordy, akamngojea ndani ya gari, injini ikiunguruma. Yaliyosemwa jikoni Gordy ametusimulia mwenyewe, na ametupa ruhusa.

"Nilibahatisha," baba alisema kabla hajakaa.

"Nini?"

"Zile glasi. Sikusikia kitu. Sisikii kitu tangu mwaka juzi."

Gordy akaendelea kupangusa meza iliyokuwa safi. "Tangu Novemba," akasema, "nimekaa humu kama mbwa aliyemng'ata bwana wake. Nimefikiri anayezeeka ni mimi. Nimeacha kuiamini pua yangu mwenyewe, Vern! Chupa nzuri nimemwaga kwenye sinki hilo hapo, kwa mashaka tu."

"Najua."

"Hujui! Nilikuita pembeni."

"Uliniita."

"Nilitaka kukuambia uende kwa daktari. Basi. Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi barabarani."

"Nimekwenda." Baba akauweka mkono wa kulia juu ya meza, akauacha ucheze.

Gordy aliutazama. "Mpumbavu wewe," akasema, kisha akavuta kiti, akakaa. Walikaa hivyo mpaka mama akapiga honi, akidhani wameuana. "Alhamisi utawaambia wenzako," Gordy akasema.

"Wakishajua, nitakaa pale kufanya nini? Kukata mkate?"

"Mkate wenyewe unaukata vibaya."

Aliwaambia. Bev alitoa leso, kisha akauliza, "Kwa hiyo gereji ilikuwa imefungwa siku zote?" Baada ya hapo kiti cha Gordy kilihamishiwa kando ya cha baba. Ulimi wa baba ulikuwa bado unajua uchachu, utamu na ule ukakasi wa maganda ya zabibu. Gordy alimwambia kila alichokisikia puani, baba akamwambia alichokisikia ulimini, na wawili hao wakatoa jibu moja. Mara nyingi walikosea. Walibishana kwa kelele kuliko zamani, na mama alilalamika kwamba kahawa inapoa.

Ugonjwa uliendelea polepole, kisha haukuwa wa polepole tena. Mwaka 2021 aliacha kuandika. Mwaka 2022 aliacha kutembea bila kushikwa. Vuli iliyopita kumeza kulimshinda, hata maji yalikorogwa yawe mazito kama uji, na Alhamisi zake zikawa za kusikiliza tu. Gordy aliendelea kuja. Aliketi kando ya kitanda na glasi mbili, akamweleza moja baada ya nyingine, taratibu, na baba akaonyesha kwa kidole aliyoipenda.

Ilikuwa Desemba aliponiita mimi na Todd. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi tuiname. Alisema kundi la Alhamisi linajua ukweli, lakini watu wa dukani hawaujui. Mara mbili alikuwa amepelekwa kwa gari mpaka mlangoni kwa Annette ili akauseme, na mara zote mbili aliomba arudishwe nyumbani.

"Baba, watu wale wameshasahau," Todd alisema.

"Gordy hapiti mbele ya lile duka," baba akajibu. "Mpaka leo. Anazunguka mtaa wa nyuma. Mnadhani sijui?"

"Sasa unataka tufanyeje?"

"Msinizike na yale makofi."

Vernon Eino Salo alifariki nyumbani kwake, Ijumaa ya tarehe 19 Januari 2024, kwa homa ya mapafu. Mama alikuwa amemshika mkono wa kulia. Ulikuwa umetulia.

Ameacha mjane, Marlys. Ameacha pia watoto wawili, Todd na mkewe Renee wa Hibbing, na Kirsten na mumewe Anders wa St. Paul, wajukuu watatu, Caleb, Britta na Signe, dada yake Irma wa Cloquet, na marafiki wa Alhamisi.

Na sasa natimiza alichoniagiza. Gordon Peltier, umeketi hapo mbele, na wengi wa waliokucheka siku ile wamesimama nyuma yako. Baba alisema wasikie hivi: chupa ilikuwa mbovu, wewe uliisikia, yeye hakuisikia. Hakuwa anampima mtu. Alikuwa na hofu, ukamwita pembeni kwa upendo, akakugeuza kichekesho. Makofi yale yalikuwa yako. Hapa ni makaburini, hatuombi mtu ayapige sasa. Tunaomba tu, tukitoka hapa kwenda kwa Annette, ambaye ametuandalia mkate na kahawa, utangulie wewe kuingia mlangoni.

Baba, umepumzika. Amani ya Mungu ikae nawe.